Muziki wa Jongmyo: hekaluni au jukwaani?

Kila Mei, katikati ya jiji la Seoul, wazao wa ukoo wa kifalme wa Yi wa Jeonju huwafanyia tambiko wafalme na malkia wa Joseon, ufalme wa zamani wa Korea, katika hekalu la Jongmyo. Mizimu hukaribishwa, huandaliwa chakula, humiminiwa pombe mara tatu, kisha husindikizwa. Muziki hupigwa, na wacheza ngoma 64 husimama kwa safu nane za watu wanane. Siku hizi muziki na ngoma hizo huchezwa pia jukwaani bila tambiko, na mwaka 2015 zilifika hadi Paris. Wapo Wakorea wanaofurahia, na wapo wanaoona mababu wamegeuzwa burudani.

Wanaotetea jukwaa wana hoja nzito. Nyimbo zenyewe, Botaepyeong inayosifu wema wa wafalme na Jeongdaeeop inayosifu ushujaa wao vitani, zilitungwa wakati wa Mfalme Sejong kwa karamu za ikulu. Aliyeziingiza kwenye tambiko ni mwanawe, Sejo, mwaka 1464. Tena ufalme ulipoisha mwaka 1910, wanamuziki waliendelea kufundishana, ilhali baadaye tambiko lilikatika kwa miaka mingi mpaka lilipofufuliwa mwaka 1969. Hata sheria iliulinda muziki kwanza, mwaka 1964. Tambiko lilifuata mwaka 1975. Bila wapigaji wenye kazi na mshahara mwaka mzima, huenda leo pasingekuwa na cha kubishania.

Hoja hizo nazikubali, lakini hazinitoshi. Ukumbi mkuu wa Jongmyo una vyumba 19 vya vibao ambamo mizimu ya mababu inaaminika kukaa, na muziki umepangwa kuufuata uwanja wake. Kikombe cha kwanza kinapotolewa, hupiga kundi lililoko juu barazani, karibu na mizimu. Kikombe cha pili na cha tatu, hupokea kundi lililoko chini uani. Kuna pia eo, ala ya mbao yenye umbo la chui milia aliyelala, mgongoni ana meno 27. Mpigaji humgonga kichwani mara tatu, kisha humkwaruza mgongo, na wimbo unakoma. Hekaluni kila mtu anajua kimekoma nini: hatua ya ibada imetimia. Ukumbini Ulaya, msikilizaji husikia mkwaruzo tu, akapiga makofi.

Watalii hawanisumbui. Hata kuhamisha tambiko kutoka usiku wa manane hadi mchana naona kunavumilika, maana wazao bado wanapiga magoti na pombe bado inamiminwa. Kinachonitia wasiwasi ni vijana kuujua muziki huu kama mazoezi ya ukumbini pekee. Enzi za Joseon tambiko kuu lilifanyika mara tano kwa mwaka. Leo nafasi ni chache mno. Jukwaa liendelee, ila kila mpigaji anayepelekwa ng'ambo awe kwanza amehudumu uani Jongmyo, nyuma ya vikombe vyote vitatu.