Uhakiki wa fomu na uhakiki wa kanuni visikae chumba kimoja

Wiki iliyopita nilifungua kontrola, yaani klasi inayopokea maombi ya watumiaji, katika mradi wa Laravel (fremuwaki ya lugha ya PHP). Methodi yake ya store(), inayohifadhi rekodi mpya, peke yake ilikuwa na mistari 140. Juu uhakiki, katikati hesabu, chini kutuma barua pepe, na katikati ya hayo yote maswali matano kwa hifadhidata. Aliyeiandika hakuwa mzembe. Alifuata mifano ya kujifunzia, ambayo huweka kila kitu ndani ya kontrola ili mfano mzima uonekane mahali pamoja, na hakuna aliyemwambia lini aondoke hapo.

Ushauri unaotolewa siku zote ni kwamba kontrola iwe nyembamba na modeli, yaani klasi inayowakilisha jedwali la hifadhidata, iwe nene. Ulianza kuenea kwa watu wa Rails, fremuwaki ya lugha ya Ruby, mwaka 2006, nasi wa PHP tukaupokea. Naukubali nusu yake. Kontrola iwe nyembamba, naam: ipokee ombi, iite anayefanya kazi, irudishe jibu. Lakini ushauri huo hausemi uhakiki ukae wapi, na kwa maoni yangu hapo ndipo miradi mingi inapoharibikia, kwa sababu neno uhakiki tunalitumia kwa mambo mawili yasiyofanana.

Chukua mfumo wa maktaba. Msomaji anaomba kuazima nakala ya kitabu. Je, ametaja nakala? Je, tarehe ya kurudisha ni tarehe kweli, na iko baada ya leo? Maswali haya unayajibu kwa kulitazama ombi tu. Sasa uliza: je, nakala hiyo bado iko rafuni? Je, msomaji huyu amekwisha kufikia kikomo cha vitabu vitano? Hapa ombi halikuambii kitu. Jibu liko kwenye hali ya mfumo, na hali hiyo inaweza kubadilika wakati ungali unauliza.

Laravel inarahisisha kuyachanganya, kwa kuwa `unique` na `exists`, zinazoiuliza hifadhidata, zinaandikwa katika orodha ileile ya `required` na `date`, zinazotazama ombi tu. Mtu akizoea hivyo, haoni ajabu kuandika kikomo cha vitabu vitano ndani ya klasi ya FormRequest, inayokagua ombi kabla kontrola haijalishughulikia. Nami niliandika hivyo kwa miaka. Kisha katika mradi mmoja tukaombwa tuingize rekodi za zamani kutoka faili la CSV, kwa amri ya kwenye teminali. Amri ile haikupitia HTTP, njia ya maombi ya wavuti, kwa hiyo haikupitia FormRequest. Iliita create(), methodi ya modeli inayoingiza rekodi, moja kwa moja. Jioni hiyohiyo tulikuwa na wasomaji wenye vitabu saba, na nakala moja iliyoazimwa na watu wawili. Tulikuwa tumeweka mlinzi kwenye mlango mmoja wa nyumba yenye milango minne.

Tangu siku hiyo, kanuni za aina ya pili, zile zinazotegemea hali ya mfumo, naziweka kwenye klasi yenye kazi moja, tuseme AzimishaNakala. Kontrola inaiita, amri ya teminali inaiita, kazi ya kwenye foleni, inayofanywa nyuma ya pazia, inaiita. Nakala isipokuwepo, inatupa eksepsheni yenye jina linaloeleweka, na kila mlango unaamua namna ya kumweleza aliyebisha hodi.

Ndani ya klasi hiyo kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka. Kuhesabu mikopo ya msomaji kisha kuongeza mmoja ni hatua mbili, na maombi mawili yanaweza kuhesabu kwa wakati mmoja, yote yakaona mikopo minne, yote yakaongeza. Muamala, yaani hatua za hifadhidata zinazokamilika zote au zisikamilike kabisa, peke yake hautibu hilo. Funga rekodi ya msomaji mwenyewe kwa lockForUpdate() ndani ya muamala, ili ombi jingine lisubiri, halafu ndipo uhesabu. Usitegemee kufunga rekodi za mikopo, maana mkopo wa sita unaoukataa bado haujazaliwa. Hakuna cha kufunga.

Kasoro hiyohiyo imo kwenye `unique`. Fremuwaki inauliza kwanza kama barua pepe ipo, kisha baadaye inaingiza. Kati ya swali na kuingiza kuna ufa. Kanuni ya `unique` ipo ili mtumiaji apate ujumbe mzuri. Ulinzi wenyewe ni faharasa ya kipekee kwenye hifadhidata, inayokataa thamani iliyojirudia. Ukiwa na ya kwanza bila ya pili, huna ulinzi.

CakePHP, fremuwaki nyingine ya PHP, wameelewa tofauti ya aina hizi mbili za uhakiki kuliko wengine, nami nawaheshimu kwa hilo. Tangu toleo la 3 wametenganisha mambo haya waziwazi: validationDefault() inakagua data inapoingia, buildRules() inakagua kanuni wakati wa save(). CodeIgniter 4, nyingine ya PHP, inakuruhusu kuweka kanuni za uhakiki kwenye modeli, jambo linalofunga milango mingi zaidi, ila ujumbe wa fomu na kanuni za kazi vinarudi kulala kitanda kimoja.

Na modeli je? Eloquent, mfumo wa modeli wa Laravel, ni Active Record: kitu kinachojua kujihifadhi chenyewe. Tayari kina mzigo. Mimi naweka humo uhusiano, ubadilishaji wa aina za data, na maswali mafupi kama imechelewa(). Ukihamishia humo ile mistari 140 umebadilisha faili tu. Na tafadhali, mpe create() kile kilichotoka kwenye validated(), yaani sehemu zilizokaguliwa tu, kamwe si all(), yaani kila kilichotumwa. Machi 2012 GitHub yenyewe ilipenyezwa kwa mwanya wa namna hii: mtu aliongeza sehemu ambayo fomu haikuwa nayo, na ufunguo wake ukakubaliwa kwenye mradi usio wake.

Sisemi kila jedwali lipewe klasi yake. Kwa jedwali la aina za vitabu, lenye jina na maelezo tu, validate() ndani ya kontrola inatosha kabisa. Kipimo changu ni swali: je, kanuni hii ingebaki kweli hata kama tovuti isingekuwepo? Kikomo cha vitabu vitano kingebaki. Urefu wa kisanduku cha kutafutia usingebaki.

Ile store() ya wiki iliyopita sasa ina mistari sita. Majaribio ya kanuni zake yanaita klasi moja kwa moja, bila kuigiza ombi la HTTP, na jaribio la kwanza kabisa tuliloandika ni la msomaji anayetaka kitabu cha sita.