Kabla ya Kupiga Picha na Sulisuli

Nenda Watamu au Malindi msimu wa sulisuli, yule samaki wa mdomo mrefu kama mkuki, hutakosa kumsikia mvuvi wa michezo akijisifu: kapambana na samaki saa nzima kwa mshipi mwembamba, kisha akamwachia. Kumwachia nampongeza. Hiyo saa nzima ndiyo inayonikera.

Ili uone kwa nini, mpasue jodari utazame. Karibu na uti wa mgongo kuna ukanda mweusi, ule ambao wengi huutoa kabla ya kupika. Ndio unaomwendesha siku nzima, ukichoma mafuta kwa oksijeni, bila pupa. Nyama iliyobaki, ambayo ndiyo nyingi, ni ya dharura. Samaki akinaswa na ndoana, misuli hiyo hutumia sukari iliyojiwekea yenyewe, yaani glikojeni, bila kungoja oksijeni. Nguvu inayotoka ni kubwa, lakini akiba huisha haraka na nyama hujaa asidi. Wanunuzi wa jodari wanaijua hasara yake: samaki aliyepigana sana huku mwili ukimpanda joto, nyama yake hupauka na kuwa chachu.

Na moyo? Kwa samaki, damu hutoka moyoni, ikapita kwenye matamvua, ikazunguka mwili mzima, ndipo ikarudi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya moyo hula makombo: oksijeni iliyosazwa na misuli. Misuli ikikazana, makombo nayo hupungua, na damu inayorudi ina asidi. Mafuta hayachomeki bila oksijeni, hivyo moyo uliopungukiwa hewa huegemea sukari. Hewa ikirudi, unaweza hata kuichoma laktiki, yaani mabaki ya sukari iliyotumika bila oksijeni, iliyovuja kutoka kwenye misuli. Mimi hapo huvua kofia.

Ila kupona kunataka muda. Trauti, samaki aliyechunguzwa kuliko wengi katika jambo hili, huweza kuhitaji saa 12 au zaidi kuijaza tena glikojeni ya misuli. Jodari wadogo ni wepesi zaidi wa kuisafisha laktiki, lakini nao si papo hapo.

Sasa ongeza picha, yaani kumtoa samaki majini ili apigwe. Mwaka 1992 watafiti wa Kanada, Ferguson na Tufts, waliwachosha trauti kabisa. Waliobaki majini, asilimia 88 walikuwa hai baada ya saa 12. Waliotolewa majini kwa sekunde 60 tu baada ya kuchoshwa, asilimia 28. Sulisuli si trauti, najua, na takwimu hizo sitambandika. Lakini matamvua ya samaki wengi hushikana yakiwa nje ya maji, na wakati huo ndio moyo unaodai oksijeni kuliko wakati mwingine wowote.

Mashindano mengi bado hutoa alama zaidi kwa mshipi mwembamba, yaani humtuza anayerefusha vita. Ningekuwa mwamuzi, ningetoa alama kwa dakika chache, na ningemkata alama kila anayemwinua samaki juu ya chombo ili apigwe picha. Apigwe humohumo majini.