Mimi na Marehemu Frank Grimes

Juzi nilirudi kutoka kazini nikiwa na njaa, kwa sababu chapati zangu mbili na maharage, nilizozifungasha katika bakuli na kuandika jina langu juu ya mfuniko kwa herufi kubwa, zilikuwa zimekwisha kuliwa na mwenzangu wa meza ya pili hata kabla ya saa nne. Alinirudishia bakuli likiwa chafu na kuniagiza nimwambie mke wangu apunguze chumvi.

Nyumbani niliwakuta watoto wakitazama The Simpsons, katuni iliyoanza mwaka 1989 na ambamo mtoto Bart mpaka leo ana miaka 10, ilhali mimi katika muda huohuo nimeota mvi na kuzipoteza. Ilikuwa ile sehemu ya mwaka 1997 ambamo Frank Grimes anaajiriwa katika kinu cha nyuklia cha Springfield. Huyu bwana alitelekezwa na wazazi akiwa na miaka 4, na sasa anaishi katika chumba kilicho juu ya ukumbi wa bolingi na chini ya ukumbi mwingine wa bolingi. Mimi, niliyepanga kati ya baa na mashine ya kusaga, nilimwelewa mara moja. Kazini, Homer, babake Bart na mfanyakazi mwenzake, anamtafunia penseli na kumlia chakula chenye jina lake. (Nilikohoa kwa sauti, lakini hakuna aliyeniangalia.)

Kisha Homer anataka kunywa asidi kwa uzembe, Grimes anaipiga kikumbo ili kumwokoa, asidi inatoboa ukuta, na anayekatwa mshahara na bosi Burns ni Grimes. Mwaka jana nilizima jiko ambalo yule mla chapati alilisahau likiwaka, nikaandikiwa barua ya kujieleza nilikuwa nikifanya nini jikoni saa za kazi.

Grimes anaalikwa kwa Homer, anakuta jumba la ghorofa, kamba-koche mezani, na picha ya mwenyeji wake akiwa angani. Anapojaribu kumwaibisha kwa kumwingiza katika shindano la watoto la kubuni kinu, Homer anashinda na kushangiliwa. Hapo akili inamruka, anashika nyaya za umeme mkubwa kwa mikono mitupu na kufa. Mazikoni Homer anasinzia, anamwambia mkewe abadilishe chaneli, na waombolezaji wote wanacheka.

Watoto wangu nao wakacheka mpaka wakaanguka kwenye mkeka. Nilipowauliza ni nani kati ya wale wawili anayefanana na baba yao, walitazamana, kisha yule mdogo akasema Homer, kwa sababu ya kitambi.

Simu yangu ikalia. Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa anauliza kama kesho ni maharage tena au nitabadilisha mboga. Mke wangu aliusoma ujumbe ule, akasema kijana huyo ana adabu, angalau anauliza.