Uchawi Mkubwa Mezani: Upunguzwe Nguvu au Upunguziwe Mapumziko?

Kampeni nyingi za Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambapo kundi huigiza wahusika katika kisa cha vikao vingi na dadu huamua matokeo, huanza kuyumba mchawi anapofika ngazi ya 5. Hapo anapata mpira wa moto: dadu 8 za pande 6, wastani wa pointi 28 za madhara, kwa kila aliye ndani ya futi 20 kutoka pale unapolipukia. Anayefaulu kujiokoa kwa dadu naye huumia nusu. Pambano lililopangwa kwa uangalifu linaisha katika raundi ya kwanza, na mwendesha mchezo, anayepanga kisa na maadui, anaanza kufikiria kuupiga marufuku.

Wanaotaka uchawi upunguzwe wana hoja ya haki: mpiganaji wa upanga naye amekuja kucheza, si kushangilia. Wanaoutetea hujibu kwamba mchezaji alivumilia ngazi 4 za udhaifu akiusubiri uwezo huo, na kumnyang'anya ni kumvunjia ahadi. Pande zote mbili zina haki, ila mara nyingi zinabishania nguvu ya uchawi ilhali tatizo liko kwenye idadi ya mapambano kati ya pumziko refu, yaani usingizi unaomrudishia mchawi nguvu zake, na jingine.

Tupige hesabu kwa kanuni za toleo la 2014. Maadui 4 wamesimama pamoja, nusu yao wamejiokoa: mpira mmoja unaleta pointi 84. Mchawi ana nafasi 2 za daraja la 3, yaani anaweza kurusha mipira 2 kabla ya kulala, kwa hiyo katika pambano la raundi 3, akimalizia na cheche ya kawaida isiyotumia nafasi, anafikisha takribani 175. Mpiganaji mwenye upanga mkubwa hushambulia mara 2 kwa zamu, wastani wa 11 kila pigo. Akipata asilimia 65 ya mapigo na kutumia zamu yake ya ziada, anaishia 57. Ni pengo la mara tatu.

Sasa weka mapambano 6 ya namna hiyo, na mapumziko mafupi 2 ya saa moja katikati. Mchawi anarejesha nafasi moja kubwa, anarusha mipira 3, kisha anabaki na cheche: takribani 360. Mpiganaji, ambaye zamu yake ya ziada hurudi kila pumziko fupi, anafika 300. Nafasi ndogo za mchawi hazimo katika hesabu hii, lakini nyingi huishia kwenye kujikinga. Pengo limekaribia kufungika bila kugusa uchawi wowote.

Mwongozo wa 2014 ulikusudia mapambano 6 hadi 8 ya kiwango cha kati au kigumu kwa siku. Wapinzani wa njia hii husema idadi hiyo inazaa mapambano ya kujaza muda tu, na hapo wako sahihi. Mapambano 3 au 4 magumu yanatosha, mradi kundi lisiweze kulala katikati. Siku moja ya mchezo inaweza kuchukua vikao vitatu. Mateka atakayeuawa alfajiri huzuia usingizi vizuri kuliko kanuni yoyote.

Ipo pia kanuni ya hiari inayofanya pumziko fupi kuwa saa 8 na refu siku 7. Inafaa kampeni za safari ndefu. Kasoro yake ni kwamba uchawi wa kinga unaodumu saa 8, uliokuwa unafunika karibu siku nzima ya hatari, sasa unafunika kipande kidogo tu cha wiki. Ukiitumia, refusha muda wa uchawi wa aina hiyo, la sivyo umemwadhibu mchawi mara mbili.

Nje ya vita mambo ni magumu zaidi, na hapa nakubaliana na wanaoutetea. Uchawi wa kuzungumza na maiti hautakiwi kuua fumbo la mauaji. Unaruhusu maswali 5, maiti lazima awe bado na kinywa, na halazimiki kumwambia kweli anayemwona kuwa adui. Muuaji anayeijua dunia yake angevaa kinyago au kuharibu taya. Panga kisa ukijua uchawi upo, kisha mwache mchezaji apate kitu cha maana kwa nafasi aliyotumia. Kuukwamisha kila mara ni marufuku ya kificho, na wachezaji huigundua upesi.

Marufuku ya wazi nayo ina mahali pake. Kwa kanuni za 2014, kuanzia ngazi ya 17, mchawi akiunda nakala yake kwa uchawi kabla hajatumia uchawi wa matakwa, unaoweza kuiga uchawi mwingine papo hapo, nakala hiyo nayo inaweza kutumia matakwa kuunda nakala nyingine, bila gharama ya rubi yenye thamani ya sarafu 1,500 za dhahabu na bila kungoja saa 12. Mnyororo huo hauna mwisho, na mapumziko hayaufikii. Ufunge kwa sentensi moja: nakala haiwezi kuzaa nakala. Itamke kabla kampeni haijaanza. Kama mchezaji amekwisha kuchagua uchawi huo, mruhusu abadilishe bure kati ya vikao, si katikati ya pambano.