Mawe ya uchorongaji si ya kupambia bustani

Wiki iliyopita nilikwenda Njiro, Arusha, kumwangalizia mdogo wangu nyumba ya kupanga. Nyumba ni nzuri, ila nilitoka pale na hasira ambayo hadi leo haijapoa. Bustani ya maua imezungushiwa mawe ya uchorongaji, yale ya mviringo kama fimbo yanayotolewa ardhini kwa mtambo wakati wa kutafuta madini, unene wa karibu sentimita 5, yamelazwa moja baada ya jingine kama ukingo. Nikainama nikaokota moja. Punje za ganeti, madini magumu, za kahawia zimebanana, katikati yake mishipa ya kalkopiraiti, madini ya shaba, inang'aa njano, na pale maji yalipopenya pametoka kijani cha malakaiti, yaani shaba iliyochakaa. Skarni ya shaba kabisa, aina ya mwamba nitakaoueleza hapa chini! Ubavuni kulikuwa na maandishi ya kalamu ya wino: herufi mbili za kisima, yaani shimo lililochorongwa, kisha kina kwa mita. Tarakimu ya mwisho imefutika.

"Shikamoo mzee. Haya mawe yametoka wapi?"

"Marahaba. Kuna watu wa madini walipanga hapa zamani. Walipoondoka waliacha masanduku yamejaa store. Mbao tukapikia."

"Na makaratasi?"

"Tulichoma, mwanangu. Panya walishazaliana mle."

Mzee simlaumu hata kidogo. Nawalaumu waliosoma jiolojia, waliolipwa kwa kazi hiyo, halafu wakafunga mlango na kuondoka.

Kwa nini naumia hivi kwa ajili ya mawe? Skarni huzaliwa pale magma inapopenya kwenye mawe ya chokaa. Maji ya moto yenye silika na chuma yanaila ile chokaa, hewa ya ukaa inatoka, na mahali pake zinaota ganeti na madini mengine yaitwayo piroksini. Shaba kwa kawaida hufuata baadaye, joto likianza kushuka. Na ganeti zina tabia moja ambayo kila aliyewahi kukaa juu ya masanduku haya anaijua: karibu na mwamba uliopenya mara nyingi huwa za kahawia nyekundu, na kadiri unavyosogea kwenye marumaru zinapauka, zinaelekea kijani au njano. Kwa hiyo ukiyapanga mawe ya kisima kwa kina chake, rangi peke yake inaanza kukuonyesha moto ulitokea upande gani, na kisima kinachofuata ukiweke wapi. Lile nililolishika Njiro lina shaba ya kuonekana kwa macho, lakini halisemi limetoka mkoa gani. Mtambo ulilipiwa kwa mita, watu walilala porini, maji yalibebwa kwa boza, na matokeo yake ni ukingo wa maua. Kesho atakuja mwekezaji mwingine, atachoronga palepale upya.

Tazameni Ertsberg, kule Papua, Indonesia. Mwaka 1936 Jean Jacques Dozy, mjiolojia Mholanzi, alikwenda na wenzake wawili kupanda milima ya Carstensz. Njiani akaona mwamba mweusi wenye madini ya shaba umesimama peke yake. Hakuwa na mtambo wala mtaji. Alichukua sampuli, akachora, akaandika, na ripoti yake ikachapishwa Leiden mwaka 1939. Vita ikaja, ikasahaulika maktabani. Miaka 20 baadaye Jan van Gruisen, mkurugenzi wa kampuni ya madini ya Kiholanzi, akaikuta, akamweleza Forbes Wilson wa Freeport, kampuni ya madini ya Marekani, na mwaka 1960 Wilson akapanda mwenyewe hadi kwenye ule mwamba. Ilikuwa skarni ya shaba, na mgodi ukafunguliwa miaka ya 70. Mwaka 1988, kilomita chache tu kutoka hapo, ikathibitishwa Grasberg, moja ya hazina kubwa kabisa za shaba na dhahabu duniani. Yote hayo yalianzia kwenye karatasi ambayo mtu hakuichoma. Sisifii yaliyofuata, Waamungme waliokuwa wenyeji wa milima ile wana malalamiko mazito na ya haki. Nasema kuhusu karatasi.

Hapa kwetu tunajua uchungu wa kumbukumbu hafifu. Tanzanaiti ilianza kujulikana mwaka 1967, na hadi leo wengine wanamtaja Manuel d'Souza kuwa mgunduzi wake, wengine Jumanne Ngoma, ambaye Serikali ilimzawadia shilingi milioni 100 mwaka 2018, akiwa mzee na mgonjwa.

Najua, mtaniambia taarifa za utafiti ni siri ya biashara. Sawa, leseni ikiwa hai. Leseni ikifa, siri ya nani tena? Nakubali pia kwamba sheria ipo, na GST, Taasisi ya Jiolojia ya Tanzania, kule Dodoma ndiyo yenye dhamana ya kutunza takwimu za madini za nchi. Lakini sheria haiingii store ya mtu Njiro au Sakina kuhesabu masanduku. Anayeingia ni wewe uliyekuwa fundi sampuli, dereva, mpishi wa kambi, au mwenye nyumba.

Kwa hiyo nakuomba, kama una masanduku hayo, usiyamwage. Piga picha kila sanduku, maandishi yasomeke. Daftari la kisima lenye majira ya nukta, yaani namba zinazoonyesha mahali kilipo, ndilo la kwanza kuokoa, kabla ya mawe yenyewe. Kisha wasiliana na GST au ofisi ya madini ya mkoa, uwaambie una nini. Na kama uliwahi kufanya kazi na waliopanga ile nyumba ya Njiro, niandikie. Bado naitafuta ile tarakimu ya mwisho.