Mtungi Usitangulie Mwalimu

Jumamosi moja asubuhi, pale ufuoni Dunga, Kisumu, kwenye Ziwa Victoria, kijana mmoja alivalishwa mtungi wa hewa mbele yangu. Ulikuwa mtungi wa mitumba. Mfadhili mmoja alikuwa ameuleta pamoja na jaketi ya kuelea na regyuleta moja, kile kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa ya mtungi, akapiga picha na wavuvi, akaenda zake. Kijana mwenyewe namfahamu vizuri. Amepiga mbizi kwa pumzi zake tangu utotoni, na mtu akizama upande wetu wa ziwa, yeye ndiye anayeamshwa usiku. Nilimwomba, kabla hajagusa maji, avute pumzi nne huku tukiitazama geji inayopima mgandamizo wa hewa ya mtungi. Ilisoma bar 180. Alipovuta, mshale ukaporomoka hadi karibu na 60. Alipotoa pumzi ukapanda tena. Akavuta mara ya pili, ukaporomoka vilevile.

"Geji imeharibika," mtu akasema nyuma yetu.

Geji ilikuwa nzima. Vali ya mtungi ndiyo iliyokuwa imefunguliwa kidogo mno. Ukiwa umeketi kwenye mashua, hewa inayopenya hapo inakutosha. Ukifika mita 10 chini, kila pumzi inataka hewa zaidi ya maradufu, na hapo ndipo kifua kinavuta na hakipati kitu. Niliizungusha vali hadi mwisho, kisha nikamwambia, "Ndugu yangu, leo huingii. Vua." Alikasirika, tena mbele za watu, na hadi leo najua nilimvunjia heshima. Ningemzuia tena hata kesho.

Kinachonitia hofu zaidi ya vali ni ile sifa yake kubwa: anajua kubana pumzi. Anayezama bila mtungi hujaza mapafu akiwa juu. Akishuka, hewa ile inabanwa, akipanda inarudi ilivyokuwa. Haichani mapafu. Ukivuta hewa ya mtungi ukiwa chini, umeivuta ikiwa tayari imegandamizwa na maji yote yaliyo juu yako. Ukiibana ukapanda, inatanuka. Kutoka mita 10 baharini inakuwa mara mbili. Hapa kwetu inapita mara mbili. Mapafu yanachanika, mapovu yanaingia kwenye damu na kukimbilia ubongoni. Wala si lazima uende mbali. Mita mbili tatu zimeshaua watu. Ndiyo maana somo la kwanza kabisa la mtungi ni kwamba usiache kupumua hata mara moja. Mzamiaji wetu hodari, akishtushwa na wavu gizani, mwili wake utafanya nini? Utabana pumzi na kukimbilia juu, kama ulivyofanya maisha yake yote. Ujuzi uliomfanya shujaa ndio utakaomwua, na hatakuwa na kosa lolote.

Nimesema "hapa kwetu" kwa sababu. Mimi nilijifunzia Pwani, na nilirudi Kisumu nikidhani maji ni maji. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayotukandamiza hapa ni kama asilimia 87 ya ile ya Mombasa, na majedwali ya kuzamia, yanayokuambia ukae chini muda gani kwa kila kina, yametungwa kwa ajili ya bahari. Ukizama mita 18 ziwani, hesabu ya naitrojeni, ile gesi ya hewa inayoingia mwilini ukiwa chini, uifanye kama umezama takriban mita 20. Maji yenyewe hayana chumvi, kwa hiyo vile vizito vya risasi vya mkandani vilivyokutosha baharini Diani vitakuzamisha kama jiwe huku. Unapunguza.

Halafu kuna barabara, na hili silisikii likisemwa kabisa. Mpiga mbizi hufundishwa asipande ndege hadi zipite saa 12 baada ya mbizi moja, au 18 ikiwa amezama mara kadhaa, kwa sababu hewa hafifu ya juu huamsha mapovu ya naitrojeni iliyobaki mwilini. Sasa mtu azame ziwani asubuhi, amalize, apande matatu ya kwenda Nakuru. Kabla hajala chakula cha mchana yuko Kericho, karibu mita 2,000, na barabara bado inapanda kwenda Mau Summit. Hewa ya huko ni sawa na ya ndani ya ndege. Maumivu ya viungo yakimshika Londiani, nani ndani ya gari lile atajua kwamba anaumwa ugonjwa wa mbizi?

Vifaa vya ngazi ya juu navipenda, nisifiche. Mitungi miwili mgongoni, regyuleta mbili zinazojitegemea, tochi tatu, mkasi wa kukata nyavu kifuani na mwingine mfukoni. Wazamiaji wa mapangoni ndio waliozifikisha taratibu hizi mahali zilipo, na walizilipia kwa maiti: theluthi ya hewa ya kuingia, theluthi ya kutoka, theluthi ya mwenzako akikwama. Kwa ziwa lenye nyavu zilizotelekezwa, gugumaji juu ya kichwa na maji ambayo mkono wako mwenyewe huuoni, hesabu hiyo inatufaa kuliko hesabu ya mtalii wa matumbawe. Lakini kila kifaa unachoongeza ni kitu kingine cha kukosea gizani, na wepesi wa mkono hauji pamoja na risiti.

Watu walipiga kelele sana gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya Likoni, Mombasa, na kuzama tarehe 29 Septemba 2019, likatolewa Oktoba 11. Mbona wazamiaji wanachelewa? Lilikuwa kwenye kina cha mita 58. Huko hewa ya kawaida inalevya kama pombe, dakika za kufanya kazi ni chache, na kupanda ni kwa vituo, unasubiri huku mwili ukitoa gesi. Anayekimbia anaongeza maiti.

Hata kujaza mtungi kuna elimu yake. Kuna aliyependekeza tuupeleke kwa fundi wa pancha Kondele. Kompresa ya magurudumu haikaribii mgandamizo wa bar 200 unaotakiwa, na hewa yake haichujwi. Ikinyonya moshi wa injini, sumu ambayo juu ingekuumiza kichwa tu inaweza kukuzimisha ukiwa chini.

Kwa hiyo ombi langu kwa kaunti na kwa kila mwenye nia njema: leteni mwalimu kwanza, anayejua mbizi za nyanda za juu na za maji ya tope. Akae nao miezi, waanzie kwenye bwawa la kuogelea wakivua miwani na kuivaa wakiwa wamefumba macho, hadi kupumua mfululizo kuwe mazoea mapya ya mwili. Ufuoni abaki mtu wa kushika kamba ya aliye chini, naye afundishwe pia. Kisha ndiyo mnunue vifaa, pamoja na kompresa yake, vichujio vyake, na pesa za kukagua mitungi kila mwaka.

Mtungi ule uko kwangu, nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Yule kijana huja kuuliza habari zake kila baada ya wiki mbili tatu. Majuzi alikaa kitini, akauweka katikati ya magoti, akafungua vali hadi mwisho bila kuambiwa, akavuta pumzi nne akiutazama mshale. Haukutikisika. "Mwalimu anakuja lini?" akaniuliza.