Kuta za mawe zimeniponza

Kosa langu ni kununua simu kubwa. Tangu NHIF, ile bima ya afya ya serikali ya Kenya, iondoke tarehe 1 Oktoba 2024 ikaja SHA mahali pake, baraza letu hapa Lamu limenifanya mimi ndo daktari na wakili na karani, na mimi kazi yangu ni kubeba simiti kwa punda.

Bi mkubwa jirani kila asubuhi: "Mwanangu, huyo Nihifu kafa na pesa zangu, nani kamzika?" Namwambia bibi hakufa mtu, ni sheria imebadilika, we jisajili tu, bonyeza *147#, ukishajisajili dispensari hutoi hata shilingi, ila ukija kulazwa hospitali kubwa lazima mchango wako uwe ushalipwa. Anatikisa kichwa, kaelewa. Kesho yake: "Na huyo Shaa ni mwanawe Nihifu au mke mdogo?" Nikamwambia mke mdogo, karithi nyumba na bado ataka matumizi. Hapo akaelewa kweli!

Walioajiriwa wanakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, hao pesa hawazioni hata. Sisi wa kubangaiza unaulizwa maswali ya nyumba kisha mashine ndo inakupigia hesabu, haishuki 300 kwa mwezi, na unalipa ya mwaka, yaani 3,600 ikiwa we ndo fukara kabisa. Zamani NHIF ilikuwa 500 kwa mwezi, ushaizoea.

Sasa ya kwangu nikajazia palepale barazani, ujinga huo, baba mkwe kakaa na kikombe cha kahawa kakishika tu hanywi. Kuta? Mawe! Nikapaza sauti kabisa. Na si uongo, ni mawe ya babu wa babu, ila boriti zishaliwa na mchwa na chumba cha nyuma mvua ikinyesha twafungua mwavuli ndani. Mchwa sikuwataja. Jiko? Gesi! Mtungi mtupu tangu Idi, twapikia makaa. Mifugo? Ninao! Punda wawili, mmoja achechemea.

Hesabu ikatoka. Nikaigeuza simu kifudifudi.

"Ngapi?" baba mkwe.

"Kidogo tu, baba."

Bi mkubwa na paa lake la makuti imemtokea 300. Jioni nasikia hodi, ni yeye, kaja na simu yake ya kubonyeza mkononi, eti kasikia barazani mimi tajiri, nimlipie na yeye.